Mtoto wa mkimbizi ana kiti chake masomoni

Leo tunashika ugomvi unaoanza kwa watoto na kuishia kwa wakubwa: mtoto wa mkimbizi wa ndani, yule tunaita deplase, ananyimwa nafasi masomoni, ao anapewa nafasi lakini anatendewa kama mwizi.

Mnajua namna inavyokuwa. Vita inafika, jamaa inakimbia usiku, inaingia mji mwingine na sufuria na blanketi moja. Mara nyingi inalala ndani ya kalasi, sababu masomo ndiyo nyumba kubwa yenye mabati. Hapo watoto wa mahali wanakosa kusoma. Wazazi wao wanaanza kunung'unika: watu hawa wametuharibia masomo, madawati yamekuwa kuni. Majuma yanapita, wakimbizi wanapelekwa kambini, na mama mmoja anakuja kuandikisha mtoto wake. Direkta anauliza: bultini iko wapi? Cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Franga iko wapi? Mama anarudi na mtoto. Na ninyi wazee mnajua kwamba kule porini kuna mtu mwenye bunduki ambaye haombi bultini wala cheti. Yeye anapokea mtoto siku ile ile.

Ndiyo sababu ninasema hii si habari ya direkta na mama peke yao. Ni habari ya amani ya mtaa mzima.

Sasa sheria. Katiba ya nchi yetu, ile ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika masomo ya serikali. Kifungu cha 45 kinaongeza kwamba kila mtu anaweza kuingia masomoni bila kutengwa kwa sababu ya mahali alikotoka, kabila, dini, kuwa mwanaume ao mwanamke, ao hali ya mwili wake. Shikeni neno hilo, wazazi: mahali alikotoka. Mtoto aliyetoka Masisi, Rutshuru, Fizi ao Djugu si mgeni mbele ya Katiba. Ni raia yuko nyumbani kwake.

Juu ya ile bure, watu wengi bado wanachanganya, na wengine wanapenda tuchanganye. Katiba ilisema tangu 2006, lakini serikali ilianza kuitumia nchi nzima kwa mwaka wa masomo wa 2019-2020. Inahusu primaire ya masomo ya serikali. Masomo ya Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbanguiste na Waislamu yenye mapatano na serikali yamo ndani yake, hata kama mlangoni kuna msalaba ao mwezi. Masomo ya watu binafsi hayamo. Sekondari nayo iko na hesabu yake. Na daftari, kalamu na iniforme, mzazi bado anatafuta yeye mwenyewe. Kwa hiyo tusiende kugombana na direkta wa masomo ya mtu binafsi kwa sheria isiyomhusu. Hapo tutashindwa na tutachekwa.

Tuwe wa haki kwa walimu pia. Tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa, ni wazazi waliobeba mshahara wa mwalimu kwa ile prime. Hata baada ya 2019 kuna walimu ambao majina yao hayajaingia kwenye liste ya malipo. Mwalimu wa namna hiyo ana watoto wake, na kalasi yake imejaa hata dirishani. Njaa yake ni ya kweli. Lakini deni lake liko kwa serikali, si kwa mtoto wa miaka minane anayefukuzwa mbele ya wenzake asubuhi.

Na makaratasi? Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, ya kulinda mtoto, inasema kila mtoto aandikishwe kwa serikali katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Siku hizo zikipita, njia bado iko: tribinali ya watoto inaweza kutoa hukumu ya kuchukua nafasi ya cheti. Anzeni njia hiyo mapema, sababu inachukua muda. Lakini mtoto asikae nyumbani akiingojea. ONU pia ilitoa kanuni juu ya wakimbizi wa ndani mwaka 1998. Kanuni ya 20 inasema mtu aliyepoteza makaratasi asaidiwe kuyapata upya bila kulazimishwa kurudi kule alikokimbia. Kanuni hizo hazifungi mtu gerezani, lakini akili yake ni nyepesi kushika: nani atarudi chini ya risasi kutafuta bultini? Mwalimu mwenye uzoefu anaweza kumpa mtoto kitabu asome na hesabu afanye, na kwa nusu saa atajua kama ni wa kalasi ya tatu ao ya nne.

Kupata kiti si mwisho. Kuna mtoto anayekaa nyuma siku zote, anayeitwa kwa jina la kabila lake badala ya jina lake, anayechekwa kwa Kiswahili chake. Kitu kikipotea, yeye ndiye anapekuliwa wa kwanza. Kuna msichana anayetumwa maji nyumbani kwa mwalimu wakati wenzake wanaandika. Sheria ile ya 2009 inasema nidhamu, nyumbani ao masomoni, iendeshwe kwa namna ya kumtendea mtoto kwa utu. Fimbo ya kumtoa mtoto damu si nidhamu. Na wazazi, hilo linatuhusu hata sisi ndani ya hema.

Basi mzazi afanye nini? Mimi nilisoma droit, lakini siwashauri kukimbilia tribinali kwanza. Nenda kwa direkta, ukiwa na mtu mmoja wa kamati ya kambi, sema kwa upole. Akikataa, tafuta kamati ya wazazi, ile COPA. Wakimbizi nao waombe mtu wao awe ndani ya kamati hiyo. Wazazi wakikaa pamoja, hata habari ya madawati yaliyochomwa inaweza kuzungumzwa, na baba za kambini wakatoa mikono yao kutengeneza mengine. Nimeona neno hilo likituliza watu kuliko hotuba. Ikishindikana, andika barua kwa sudivisheni ya masomo na kopi kwa chefu wa mtaa. Weka jina la mtoto, miaka yake, kalasi aliyofikia, siku ulipofika kwa direkta na jibu ulilopewa. Usitukane mtu ndani yake. Baki na kopi moja yenye muhuri ya kupokelewa. Kama mama hajui kuandika, katibu wa kambi aandike, amsomee yote, naye mama atie kidole.