Karatasi za Kumfuata Baba

Siku moja jioni, masomo yalipokwisha na wanafunzi walipokuwa wakifagia darasa, alitujia mama mmoja, mzaliwa wa Bukavu, aliyehamia kwetu Lubumbashi kwa sababu ya vita. Mkononi alishika mfuko, na ndani ya mfuko bahasha mbili. Alitusalimu, akaketi kwenye benchi la wanafunzi, akasema: «Mwalimu, ninyi mnakijua Kifaransa cha serikali. Nisaidieni kujaza karatasi hizi. Baba wa watoto ametupatia njia.»

Mume wake aliikimbia nchi, akafika Ubelgiji baada ya taabu nyingi, na mwishowe serikali ya huko ikamtambua kuwa mkimbizi. Mtu wa namna hiyo sheria inampa haki ya kuwaita mkewe na watoto wake. Wana watoto watatu. Lakini juu ya karatasi aliyotuletea mama huyo, majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi yalikuwa manne. Lile la nne tulilijua vema, kwa maana ni la msichana anayeketi mbele katika darasa letu. Huyo hakuzaliwa naye; ni mtoto wa marehemu mdogo wake, naye amemlea tangu alipokuwa ananyonya.

Mama alituona tunasita. Akasema: «Baba yao amenena kwa simu tumwandike kuwa wetu. Nani atajua? Mimi ananiita mama, na yeye anamwita baba. Nikienda, nimwache kwa nani?»

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atuachie karatasi zake, arudi siku ya tatu. Tunaandika habari hii, wasomaji wapenzi, kwa kuwa swali lake ni swali la jamaa nyingi za Kongo ambazo leo hii zimegawanyika, baba ng'ambo ya bahari na watoto huku. Afadhali kila mtu aijue njia kabla ya kuifunga safari.

JAMAA KWA DESTURI, JAMAA KWA SHERIA

Kwetu sisi jamaa ni neno pana. Ndani yake wamo babu na nyanya, wajomba, mashangazi, na watoto wa ndugu waliokufa. Mtoto anayekula katika chungu chako ni mtoto wako, wala hakuna jirani atakayekuuliza cheti.

Sheria ya Ulaya inapima kwa kipimo kingine. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitoa agizo moja tarehe 22 Septemba 2003 juu ya haki ya jamaa kuungana, na Ubelgiji inaifuata haki hiyo ndani ya sheria yake ya tarehe 15 Desemba 1980, iliyokwisha kurekebishwa mara nyingi. Katika sheria hiyo, jamaa ya mkimbizi maana yake ni mume au mke, pamoja na watoto wao ambao hawajatimiza miaka 18 wala hawajaoa au kuolewa. Baba na mama wa mtu mzima hawamo. Kaka na dada hawamo. Mtoto wa ndugu, hata akiwa amelelewa tangu siku ya kuzaliwa, hamo. Ila mtoto mdogo aliyefika huko peke yake na kutambuliwa kuwa mkimbizi, huyo anaweza kuwaita wazazi wake.

Twaweza kusikitika kwamba kipimo chao ni chembamba kuliko chetu. Lakini anayekwenda kubisha mlango wa mtu ni lazima ajue mlango huo unafunguliwa namna gani.

SIKU ZINAHESABIWA

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni hili: haki ya mkimbizi ina muda wake. Mgeni wa kawaida akitaka kuwaita mke na watoto, yampasa kuonyesha kwamba ana mapato ya kudumu na ya kutosha, nyumba inayofaa, na bima ya afya kwa wote. Sheria ya mwaka 2011 ilitaka mapato yasiyopungua asilimia 120 ya msaada wa msingi ambao serikali humpa mtu asiye na kitu. Nayo sheria ya Julai 2025 ilikipandisha kipimo hicho. Mtu aliyefika juzi, anayejifunza lugha na kutafuta kazi, atayapata wapi mapato hayo?

Ndiyo sababu mkimbizi amesamehewa masharti hayo, mradi ndoa yake ilifungwa kabla ya kufika huko, na ombi litolewe mapema baada ya kutambuliwa kwake. Zamani alipewa mwaka mmoja. Sheria mpya, iliyoanza kutumika Agosti 2025, ilifupisha muda huo kuwa miezi 6. Tulipoisoma barua ya mume wa mama yule, tuliona kwamba miezi 4 ilikwisha pita. Ilisalia miwili tu.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walinena juu ya biashara, lakini methali hiyo yafaa vilevile kwa mtoto na kwa ndoa.

Katika Kongo, Kitabu cha Sheria za Jamaa cha mwaka 1987, kilichorekebishwa mwaka 2016, kinaagiza kila mtoto atangazwe katika ofisi ya hali ya raia ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Siku hizo zikipita, komini haiwezi tena kutoa cheti kwa njia ya kawaida. Inabidi kwenda mahakamani kuomba hukumu ishike nafasi yake. Hukumu hiyo ni halali, lakini inadai fedha na muda, na ofisi za Ulaya huitazama kwa jicho kali, hasa ikiwa imetolewa mwezi uleule wa kuomba viza.

Kuhusu ndoa, wengi wanajidanganya. Wamepeleka mahari, wazee wamekula na kunywa, kisha wamebarikiwa kanisani, nao wanadhani yamekwisha. Hayajakwisha. Padri anaandika katika kitabu cha parokia, na kitabu hicho ni cha Kanisa. Mbele ya sheria ya Kongo ndoa ya dini peke yake haihesabiwi. Ndoa ya desturi inahesabiwa, lakini wenyewe wanaagizwa kuiandikisha kwa serikali ndani ya mwezi mmoja. Baba na mama mnaosoma gazeti hili, ikiwa hamjafanya hivyo, nendeni kominini wiki hii, hata kama hamna nia ya kusafiri kokote. Vita haileti barua ya kuarifu kwamba inakuja.

Tazameni pia majina. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilipiga marufuku majina ya Kikristo, hata wazee wengi wana jina moja katika kitabu cha ubatizo na jingine katika karatasi za serikali. Ofisa aliye mbali hajui historia yetu. Akiona herufi mbili zimegeuka, anafikiri ni watu wawili.

Vyeti vikipatikana, havijawa tayari bado. Vinapaswa kuthibitishwa kwanza na Wizara ya Mambo ya Nje mjini Kinshasa, halafu na ubalozi wa Ubelgiji. Pamoja navyo zinatakiwa pasipoti ya kila mmoja, nakala ya karatasi inayomtambua mkimbizi, cheti cha daktari aliyekubaliwa na ubalozi, na kwa waliotimiza miaka 18, karatasi ya mahakama inayoonyesha kwamba hawana makosa. Na mtoto akisafiri kwa mzazi mmoja ilhali mwingine anabaki, idhini ya yule anayebaki ni ya lazima.

SAFARI YA KINSHASA

Mama yule aliamua kuupeleka wapi mzigo huo wote? Kinshasa. Na Kinshasa kwetu ni safari ya ndege, na nauli ya mama na watoto watatu si fedha ya mchezo.

Lakini waliobaki Kivu wana shida kubwa kuliko yetu. Goma ilitekwa mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Tarehe 17 Machi mwaka huohuo, Rwanda ilivunja uhusiano wake wa kibalozi na Ubelgiji, hata mlango wa Kigali, ulio karibu, ukafungwa nao.

Hao wajue habari hii. Tarehe 18 Aprili 2023, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu juu ya jamaa moja ya Syria iliyokuwa katika mji wa Afrin. Mama na watoto hawakuweza kuufikia ubalozi wowote kwa ajili ya vita, na Ubelgiji ilishika neno lake kwamba ni lazima wafike wao wenyewe kutoa ombi. Mahakama ikasema: kumlazimisha mtu kufika siku ya kwanza, hali kufika kwake hakuwezekani au ni kugumu kupita kiasi, ni kuivunja haki yake. Basi aliyezuiwa kweli na vita anaweza kuomba ombi lake lipokewe kutoka mbali, akieleza kinachomzuia na kuleta ushahidi. Atafika mwenyewe baadaye, mambo yatakapokaribia kwisha.

Baada ya ombi kupokelewa, ni kungoja. Sheria inaipa ofisi ya Brussels miezi 9, nayo yaweza kuongeza miezi 3, na tena 3, kesi ikiwa ngumu. Jibu likiwa hapana, kuna siku 30 za kulalamika mbele ya baraza linaloamua mashauri ya wageni. Baraza hilo halitoi viza. Linaweza tu kulifuta jibu baya ili ofisi iamue upya. Kwa hiyo shauri jema ni kulitengeneza ombi vizuri tangu mwanzo. Yule aliye Ubelgiji na aombe msaada kwa Caritas au kwa Myria, kituo cha serikali kinachoangalia haki za wageni. Wao hawauzi ahadi, kama wafanyavyo vijana wanaosimama karibu na ofisi za viza na mihuri mifukoni.

NJIA YA MWONGO NI FUPI

Siku ya tatu mama alirudi. Tulimwambia yote mliyoyasoma hapo juu, kisha tukamwuliza: «Baba yao alipohojiwa huko, aliulizwa juu ya watoto. Alijibu nini?»

Kwa maana kila mwomba hifadhi huulizwa majina ya mke na watoto, na majibu yake huandikwa na kuwekwa. Tena, vyeti vikitiliwa shaka, ofisi huweza kutaka damu au mate ya mzazi na ya mtoto yapimwe, na kipimo hicho hakimwonei mtu haya. Mtoto mmoja akionekana si wa damu yao, hata wale watatu wa kweli watatazamwa kama wa uongo; na mtu aliyepata kibali kwa udanganyifu anaweza kunyang'anywa hata baada ya kufika.

Mama alimpigia mumewe palepale. Walisemezana kwa Kimashi, muda mrefu. Kisha akatuambia: «Amesema alijibu kweli. Watoto watatu, na mmoja wa shemeji yake tunayemlea.»

Basi kweli ilikuwa imekwisha andikwa Brussels. Karatasi ya majina manne ingekwenda kupigana nayo, na jamaa nzima ingeshindwa.

Hapo tulimweleza njia iliyobaki kwa msichana. Si haki, ni ombi la huruma: viza ambayo serikali ya Ubelgiji yaweza kuitoa au kuinyima kama ipendavyo. Kwa ombi hilo inafaa hukumu ya mahakama ya watoto inayompa mama ulezi, cheti cha kifo cha mdogo wake, ushuhuda wa shule, na maneno yale yale baba aliyoyasema siku ya kuhojiwa. Hatukumwahidi kwamba atapata. Tulimwambia tu kwamba ombi lenye kweli hata likikataliwa laweza kurudishwa, bali la uongo linaufunga mlango na kuuvunja ufunguo.

Alinyamaza. Akaomba kifutio. Jina la nne akalifuta mwenyewe, taratibu, hata karatasi ikabaki na alama nyeupe. Kisha akasema: «Nipeni karatasi nyingine. Hili nitaliandika peke yake.»

Alikwenda Kinshasa zikiwa zimebaki siku chache za ule muda. Ombi la watu wanne, yeye na watoto watatu, limepokelewa. La msichana lilifuata nyuma yake, na hukumu ya ulezi ndani. Hadi leo majibu hayajaja. Nyanya yake amekuja kukaa nao, ili jibu la kwanza likitangulia, mtoto asibaki na wageni.

Naye bado anaketi mbele katika darasa letu. Juzi tulipowapa wanafunzi insha juu ya jamaa zao, aliandika kwamba ana mama wawili, mmoja kaburini na mmoja nyumbani, na akamtaja kila mmoja kwa jina lake kamili, bila kosa la herufi hata moja.