Umelipa na TV Haionyeshi? Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Dishi na King'amuzi

Wikendi ikiwa na mechi kubwa, swali tunaloulizwa sana ni hili: "Pesa imekatwa, mbona TV bado haionyeshi?" Mara nyingi pesa haijapotea. Tatizo liko kwenye dishi au kwenye nambari uliyoandika. Hebu tuyapitie maswali yenu moja moja.

Ni lazima niwe na dishi?
Inategemea huduma. DStv hutumia setilaiti, kwa hivyo dishi ni lazima. GOtv hutumia mitambo ya ardhini na antena, lakini ni sharti uwe mahali mawimbi yake yanafika. Uliza kabla ya kununua.

Dishi liwekwe wapi?
Setilaiti za TV ziko juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini. Dishi likisogea hata kidogo tu, picha inapotea. Mwambie fundi alifunge imara, pasiwe na mti wala ghorofa la jirani mbele yake. Mvua kubwa pia inaweza kukata picha kwa muda, kwa hivyo ngoja itulie kwanza kabla ya kumwita fundi.

Nambari ya akaunti ni ipi?
Si nambari yako ya simu. Kwa DStv ni nambari ya smatikadi. Itafute kwenye kadi yenyewe au kwenye king'amuzi, kisha uipige picha uiweke kwenye simu. Ukikosea tarakimu moja, unaweza kumlipia mtu mwingine, na yeye ndiye atakayetazama mechi.

Nilipe king'amuzi kikiwa kimezimwa?
Hapana. Kiwashe kwanza na ukiache kikiwaka, kwa sababu amri ya kufungua chaneli hupitia kwa setilaiti. Kikiwa kimezimwa hakiwezi kuipokea.

E16 na E48 ni nini?
Kwa DStv, E16 kwa kawaida inahusu malipo: kifurushi kimeisha au hakijafunguliwa. E48 inamaanisha king'amuzi hakipati mawimbi. Hapo kagua waya na dishi. Kulipa tena hakutasaidia chochote.

Na nikikosea nambari?
Usifute ujumbe wa malipo. Wasiliana nasi na kampuni ya TV siku hiyo hiyo, ukiwa na msimbo wa muamala. Ukichelewa, kifurushi kinaendelea kutumika kwa mtu mwingine.

Fundi ameniambia nimtumie pesa ya kifurushi. Ni sawa?
Mlipe ada ya kazi yake. Kifurushi kilipie mwenyewe kupitia Paybill ya kampuni, ili risiti iwe kwako. Na mtu yeyote akikuomba nambari yako ya siri, hata akijiita mfanyakazi wetu, kata simu. Sisi hatuiombi kamwe.

Kabla ya kubonyeza "tuma", soma nambari mara mbili. Ni sekunde chache tu, na zinaweza kukuokolea pesa ya mwezi mzima.