Mkate wa Nyama na Jibini: Kiporo Kiliwe kwa Heshima



Wahenga walituusia kwamba akiba haiozi. Usia huo ni wa kweli katika mambo mengi, lakini sufuria ya pilau haimo. Pilau iliyopikwa Jumapili adhuhuri kwa kutarajia wageni kumi, wakaja sita, huharibika upesi ikiachwa bila kushughulikiwa. Nyama iliyonunuliwa kwa pesa za jasho, iliyochinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu na kupikwa na mama aliyesimama mbele ya moto kwa saa mbili, huishia ndani ya mfuko mweusi na kubebwa na gari la taka hadi Dandora.

Hili halitokei kwa sababu watu wetu wamepata kiburi. Nimelitazama kwa muda jambo hili katika nyumba za jamaa zetu waliohamia Nairobi kutoka Mombasa, Lamu na Malindi, na naona sababu yake ni nyingine. Kule pwani chakula kilichozidi kilikuwa na njia yake. Sahani ilifunikwa kawa, mtoto akatumwa mlango wa pili, na kabla ya alasiri sufuria ilikuwa imekwisha. Katika majumba ya ghorofa ya Kilimani, Kileleshwa na Lavington, mlango wa pili umefungwa, na aliye nyuma yake huenda hatumjui hata jina. Katika vyumba vya Kawangware na Kangemi majirani wapo tele, lakini nyumba nyingi hazina friji, na penye friji umeme hukatika. Kwa hivyo mmoja hutupa kwa kukosa wa kumpa, na mwingine hutupa kwa kukosa pa kuweka.

Wala si Nairobi peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022 kilikadiriwa kufikia tani bilioni 1.05, na takriban asilimia 60 yake kilitoka majumbani. Tumezoea kudhani kwamba wanaotupa ni mahoteli na masoko, kumbe sehemu kubwa zaidi hutoka katika majiko yetu wenyewe. Qur'ani katika Suratul Aaraf, aya ya 31, inaturuhusu kula na kunywa na inatukataza kupita kiasi, yote katika aya hiyo moja, ili asije mtu akashika ruhusa na kuiacha amri.

Makala haya hayana dawa ya tani bilioni. Yana njia moja ya kuitumia nyama iliyobaki katika sufuria moja, nayo ni mkate uliojazwa nyama na jibini.

Kiporo si makombo

Kabla ya kushika unga, tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Kiporo ni chakula kilichobaki sufuriani, hakijaguswa na mkono wa mlaji, kikahifadhiwa kwa kuliwa baadaye. Wazee wetu wa pwani hukiita pia mwiku kinapoliwa asubuhi yake. Makombo ni mabaki ya sahani, yaliyokwisha kupitiwa na vidole na meno ya wengine. Kiporo ni akiba, na makombo ni masalio. Mapishi haya ni ya kiporo.

Tofauti hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Mama mmoja alinijia baada ya darasa la wanawake akiwa na swali. Ana msichana wa kazi anayetembea kila asubuhi kutoka Kawangware hadi nyumbani kwake Lavington. Jioni moja alimkusanyia chakula kilichobaki katika sahani za watoto, akakitia katika mkebe na kumpa aende nacho kwao. Msichana akashukuru, akauacha ule mkebe juu ya kabati la jikoni na kwenda zake. Mama aliniuliza: "Sheikh, kuikataa neema ya Mungu si dhambi?"

Nilimwomba naye ajiulize kama angelipokea mkebe ule iwapo angepewa yeye. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema hangeupokea. Suratul Baqara, aya ya 267, inatutaka tusikusudie kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kutotupa chakula ni jambo jema, lakini wema huo haukamiliki kwa kumfanya binadamu mwenzetu kuwa pipa la taka la nyumba yetu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kupika kiporo huanza siku moja kabla, wakati wa kupakua. Pakueni kidogo, na anayetaka aongeze. Kinachobaki sufuriani kihifadhiwe kabla ya saa mbili kupita tangu kuepuliwa motoni. Nyama itengwe na wali, itiwe katika chombo kipana chenye kifuniko ili ipoe haraka, kisha iingie ndani ya friji. Hapo itafaa kwa siku tatu. Asiye na friji aipike tena usiku uleule, mkate uliwe moto, na asithubutu kuilaza nyama juu ya meza. Nyama iliyogeuka harufu, au iliyolala nje usiku kucha, haifai kwa mkate wala kwa sadaka. Israfu ni mbaya, na kuidhuru nafsi ni kubaya zaidi.

Asili yake iko kwetu

Mkate wenye nyama ndani si mgeni pwani. Mombasa na Lamu tunao mkate wa nyama: unga hutandazwa mwembamba kama karatasi, ukatiwa nyama ya kusaga na yai, ukakunjwa pande nne na kukaangwa juu ya chuma. Unguja, pale Forodhani, wapishi wa usiku huuita piza ya Zanzibar, na wengine hutia jibini. Waarabu wana ndugu yake aitwaye mutabbaq, neno lenye maana ya kilichokunjwa. Chakula hiki kimezunguka bandari za Bahari ya Hindi, na kila mji umeongeza chake.

Mkate ninaoueleza hapa umenenepa kidogo kuliko ule wa Mombasa. Unga wake una hamira, hivyo huumuka na kuwa laini, na hauhitaji mkono wa fundi aliyekaa miaka kumi mbele ya chuma.

Vitu vinavyohitajika

Kwa mikate sita ya kushibisha:

Unga wa ngano nusu kilo. Hamira kijiko kimoja cha chai. Sukari kijiko kimoja cha chai. Chumvi nusu kijiko cha chai. Mafuta vijiko viwili vya chakula. Maji ya vuguvugu kikombe kimoja na robo, ukiongeza au kupunguza kwa kadiri ya unga wako.

Nyama iliyobaki, vikombe viwili, ikiwa imechambuliwa mifupa na kukatwakatwa. Iwe ya pilau, ya biriani, ya mchuzi, ya kuchoma au kima, zote zinafaa. Kitunguu kimoja, pilipili boga moja, punje mbili za thomu, dania, pilipili manga na ndimu nusu. Viazi viwili vilivyobaki, kama vipo. Jibini gramu 150, ikiwa imekunwa.

Tazameni kwamba katika orodha hii kitu cha kununua ni kidogo sana. Nyama ya mbuzi iliyotoka City Market, hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia, imekwisha kulipiwa juzi. Viazi vya mama mboga vimekwisha kuchemshwa. Kinachoongezwa ni unga, moto na subira.

Namna ya kutengeneza

Changanya unga, hamira, sukari na chumvi. Tia mafuta, kisha maji kidogo kidogo, ukande kwa muda wa dakika kumi mpaka donge liwe laini na lisigande mkononi. Lifunike kwa kitambaa chenye unyevu na uliache kwa saa moja mpaka liumuke kiasi cha mara mbili. Wakati wa baridi ya Nairobi, mwezi wa Julai hasa, saa moja haitoshi. Liweke karibu na jiko na usubiri zaidi. Anayepika kwa mazoea ya joto la Mombasa hushangaa kuona unga umelala, akadhani hamira imekufa.

Unga ukiwa unaumuka, kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo mpaka kilainike. Tia thomu na pilipili boga, kisha nyama. Ipashe moto mpaka itoe mvuke na mchuzi wote ukauke. Hapa ndipo wengi huharibu. Nyama yenye majimaji huulowesha unga, mkate ukapasuka na jibini ikamwagika kaangoni. Ikiwa mchuzi ni mwingi, ponda viazi au vipande vya mkate mkavu wa juzi, uvitie ndani vinyonye. Onja chumvi kabla ya kuongeza, kwa kuwa nyama imekwisha kutiwa viungo mara moja, na jibini nayo ina chumvi yake. Epua, tia dania na ndimu, uache ipoe kabisa. Jibini huchanganywa mwisho, nyama ikiwa imepoa. Ikichanganywa moto huyeyuka kabla ya wakati.

Gawa unga madonge sita. Sukuma kila donge liwe duara la upana wa sahani ndogo, ukiacha katikati pawe panene kuliko kingo. Tia vijiko vitatu vya nyama katikati, kusanya kingo juu, uzibane barabara, kisha ugeuze mshono uwe chini na ubonyeze taratibu kwa kiganja. Acha mikate ipumzike dakika kumi.

Pasha kaango zito kwa moto mdogo na ulipake mafuta kiasi. Weka mkate, mshono ukiwa chini, ufunike, na uache dakika sita. Geuza, funika tena dakika sita nyingine. Mwenye ovini aichome kwa nyuzi 200 kwa dakika 20 hivi, baada ya kuipaka yai juu. Mkate ulioiva hutoa sauti ya utupu ukigongwa kwa kidole. Ngoja kidogo kabla ya kuukata, kwa maana jibini iliyoyeyuka huunguza mdomo wa mtoto kuliko uji.

Habari ya jibini

Baadhi ya kina mama huuliza kama jibini ni chakula cha Waislamu. Katika mkusanyo wa Abu Daud imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jibini huko Tabuk, akaitisha kisu, akataja jina la Mwenyezi Mungu na kuikata. Asili yake basi ni halali. Kinachotazamwa ni kigandisho, yaani kile kinachoyagandisha maziwa, ambacho kwa baadhi ya jibini hutolewa katika tumbo la ndama. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya kigandisho cha mnyama asiyechinjwa kisheria. Usalama ni kusoma maandishi ya pakiti na kutafuta alama ya halali, au ile iliyoandikwa kwamba kigandisho chake kinatokana na mimea au vijidudu.

Jibini ngumu iliyokauka pembeni haina neno. Ikune na uitumie. Ikiwa na ukungu mahali pamoja, kata pande hilo kwa upana wa vidole viwili na utupe. Jibini laini, au iliyokwisha kukunwa, ikiota ukungu itupwe yote.

Na asiyeweza kuinunua asikate tamaa. Chukua lita moja ya maziwa mabichi, uyachemshe, uyatie maji ya ndimu vijiko viwili au vitatu mpaka yagawanyike, kisha uyachuje kwa kitambaa safi na kukamua. Utapata jibini nyeupe laini. Haivutiki kama ile ya dukani wala haiyeyuki, lakini inaishika nyama vizuri, na haina shaka yoyote ya kigandisho.

Nani aanze kula?

Katika mapokezi ya Abu Hurayra yaliyomo ndani ya Sahihi Bukhari, Mtume (s.a.w.) anatufundisha kwamba mtumishi akikuletea chakula, na ikiwa hukumketisha pamoja nawe, basi umpe tonge moja au mawili, kwani yeye ndiye aliyeupata moto wake. Sababu iliyotajwa ni ya haki: mwenye kuvumilia joto la jiko ana fungu katika ladha yake.

Yule mama wa Lavington alirudi darasani baada ya wiki kadhaa. Aliupika mkate huu kwa nyama ya wageni, na unga wake ukamshinda kwa kugandamana. Yule msichana ndiye aliyemshika mkono akamwonyesha namna ya kuukanda, kwa kuwa kwao wamekuwa wakiuza chapati tangu utotoni mwake. Mikate ikatoka sita. Miwili waliila pale jikoni, wamekaa pamoja, na miwili msichana alikwenda nayo kwao, imefungwa katika karatasi safi, ikiwa bado na moto. Mkebe haukuachwa juu ya kabati siku hiyo.

Nyama ilikuwa ileile ya jana. Ilifaa kupewa mtu kwa sababu ilihifadhiwa mapema, ikapikwa upya kwa bidii, na ikatolewa na mtu ambaye naye ameila. Basi na tuanzie hapo, kila nyumba kwa sufuria yake. Na anayekaa ghorofani na mkate wa sita umemzidi, avuke ukumbi, augonge mlango wa pili, na aulize jina la jirani yake.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu na mikono inayozipika. Wassalaam.