Eti Bwawa la Umeme Halichukui Kitu Mtoni

Likitajwa bwawa la umeme, hakosi mtu, na mara nyingi ni msomi, wa kuuliza: maji yakishazungusha mitambo si yanarudi mtoni yote? Sasa hao wakulima na wavuvi wa chini wanalalamikia nini?

Kwanza, hayarudi yote. Ziwa Nasser, nyuma ya Bwawa Kuu la Aswan, hunyonywa na jua zaidi ya mita za ujazo bilioni 10 kila mwaka. Lakini hata yangerudi yote, swali lingebaki bovu, kwa kuwa linadhani mto ni maji matupu. Mto Nile ulikuwa ukishusha zaidi ya tani milioni 100 za tope kwa mwaka; tangu bwawa hilo likamilike mwaka 1970, karibu lote hutuama ziwani. Yanayotoka mlangoni ni maji meupe, na weupe huo mnaousifia ndio balaa lenyewe: maji yasiyobeba tope hula kingo na sakafu ya mto, na delta isiyoletewa udongo mpya humegwa na bahari. Mafuriko hayo yalilisha samaki pia: sadini waliovuliwa pwani ya Misri walikuwa tani zipatazo 18,000 mwaka 1962. Kabla muongo huo haujaisha, bwawa likiwa limeshaanza kuzuia maji hata kabla ya kukamilika, zilibaki mia kadhaa. Baadaye samaki walirejea, naam, kwa hisani ya mbolea za viwandani na maji taka.

Kwenye bwawa la umeme la Kihansi, kule Morogoro, maji nayo hurudi, ila kilomita kadhaa chini ya maporomoko. Katikati hapo korongo lilikosa manyunyu, na chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996, akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Alinusurika kwenye bustani za wanyama Marekani.

Na mto Rufiji, nao wenye bwawa la umeme, je? Wakulima wa mlau hupanda mafuriko yanapoondoka. Wanataka maji yaje kwa majira. Mitambo inayataka kila jioni taa zinapowashwa.

Cha kufanya kipo: kufungulia maji mengi mara moja kwa mwaka, msimu wake, kuweka milango ya kutolea tope tangu kwenye mchoro, si baada ya zege kukauka, kupitisha maji ya juu yenye hewa, si ya kina, na kulinda bonde la Kilombero, linaloipa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Vingi kati ya hivyo vina gharama, na kufungulia maji hula umeme. Mhandisi akiwaambia havigharimu kitu, mwombeni hesabu zake.