Plasta Hushikaje?

Wasikilizaji, mtu akijikata kidole hukifunga kwa plasta. Haitaki maji wala moto ili ishike. Hukandamizwa kidogo tu, nayo hunata. Lakini ziko zinazobanduka kabla ya jioni, uchafu ukaingia kidondani. Na ziko zinazoacha gundi ngozini zikibanduliwa. Tofauti hiyo hutokana na vitu vilivyomo katika gundi, na kipimo cha kila kimoja. Leo twaeleza gundi ya mpira, ingawa siku hizi ziko pia plasta zisizo za mpira.

Cha kwanza ni mpira wenyewe, ambao ndio nguvu ya gundi: hunyumbuka wala haukatiki upesi. Lakini mpira mtupu haunati vema, maana ukikandamizwa hurudi katika umbo lake kabla haujaenea katika vijikunjo vya ngozi.

Kwa hiyo huongezwa ulimbo, kama ule wa misonobari. Ulimbo huufanya mpira uenee ukikandamizwa, tena ushupae ukivutwa kwa ghafula. Kadiri unavyoongezwa, gundi huzidi kunata. Lakini una mpaka wake. Ukizidi mno, gundi huwa ngumu kama kioo isinate tena.

Cha tatu ni mafuta, kama yale ya manyoya ya kondoo, nayo hulainisha gundi. Yakizidi, gundi hukosa nguvu. Ikivutwa hukatika katikati, nusu ikabaki ngozini.

Cha nne ni unga mweupe wa zinki, unaoipa gundi uzito na kupunguza mwasho wa ngozi. Mwaka 1901 Oscar Troplowitz, mwenye kampuni ya Beiersdorf mjini Hamburg, Ujerumani, alitoa plasta ya namna hii, iitwayo Leukoplast.

Mwisho hutiwa dawa kidogo ya kuzuia mpira usichakae, kwa kuwa hewa, joto na mwanga huuharibu.

Basi, hapana kitu kimoja kinachoweza kuitengeneza gundi peke yake. Kila kimoja hutengeneza upungufu wa mwenziwe, na kila kimoja kikizidi huharibu. Nasi tuna sehemu yetu: tuweke plasta mahali pa baridi, pasipo jua, na kuikausha ngozi kabla ya kuibandika. Na mtu akiona ngozi yake imefura au yawasha, aibandue mara moja, kwa maana wako watu ambao mpira au ulimbo hauwapatani.