Karatasi sita za mpiga kura wa Chara

Katika uchaguzi mkuu, mpiga kura wa Chara, katika Tana Delta, hukabidhiwa karatasi sita: ya Rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Mkenya aliyepiga kura akiwa Ujerumani mwaka 2022 alipewa moja tu, ya Rais. Kwa hivyo maelezo yanahitajika zaidi huku Tana Delta, na Wajerumani wenyewe wana la kutufunza. Karatasi yao ya uchaguzi wa Bundestag, bunge lao, humwambia mpiga kura, juu kabisa, kwamba ana kura mbili. Safu ya kushoto, Erststimme, ni ya mgombea wa jimbo. Ya kulia, Zweitstimme, ni ya orodha ya chama. Kwa kuwa jina la “kura ya pili” laweza kumfanya mtu aidharau, pamechapishwa papo hapo kwamba hiyo ndiyo inayoamua mgawanyo wa viti.

Kwetu, kura iliyoharibika na iliyokataliwa hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo mwananchi hupoteza haki yake. Aliyekosea alama, akairudisha karatasi kwa msimamizi kabla ya kuitumbukiza sandukuni, hupewa nyingine; ile ya kwanza ndiyo iliyoharibika. Akishaitumbukiza na kasoro yake, basi. Itakataliwa wakati wa kuhesabu, na kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2013, haitaingia hata kwenye hesabu ya kumpata Rais.

Wanaopinga maelezo kwa lugha za wenyeji watasema kila mtu huku Garsen anajua Kiswahili. Anakijua, lakini Kiswahili cha kuuzia samaki na kununulia unga hakimfundishi mtu kanuni za kura. Ferdinand Würtz, mmishonari Mjerumani wa Ngao, alijifunza Kipokomo hadi akakiandikia sarufi, kwa sababu alitaka aeleweke. Tume ya uchaguzi nayo iwaeleze Wapokomo kwa Kipokomo na Waorma kwa Kiorma.

Hoja yao nzito zaidi ni kwamba mkalimani anaweza kugeuka mpiga debe, na baada ya mauaji ya 2012 kati ya jamii hizi mbili, hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana maelezo yasiachiwe mtu kituoni. Yaandikwe mapema, maneno yawe yale yale kwa kila lugha, mawakala wa wagombea wote wayakague, kisha yasomwe redioni na kwenye baraza za machifu wiki kadhaa kabla ya kura.