Keekee ya Daktari na Bili Yako

Seremala akitoboa mninga kwa keekee butu, pua hujua kabla ya macho: mbao inanuka moshi. Mfupa wa taya nao huungua hivyohivyo, ila mgonjwa kapigwa ganzi, hana habari. Mwaka 1983 watafiti wa Sweden, Eriksson na Albrektsson, walionyesha kwa sungura kwamba mfupa ukifika nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja, uponaji wake huharibika. Chai unayokunywa asubuhi ni ya moto kuliko hapo. Na mfupa usipopona, hauishiki skrubu ya titani inayobeba jino la kupandikiza.

Nimeanza na joto kwa sababu makadirio ya bei ya jino hilo siku hizi huja na majina ya mitambo ya kutobolea mfupa, na kila jina lina nyongeza yake.

Keekee ya kawaida ndiyo ya bei nafuu. Huzunguka mara 800 hadi 1,500 kwa dakika, tundu likipanuliwa kidogokidogo huku maji ya chumvi yakimiminwa. Ni njia ya shule ya Brånemark wa Gothenburg, aliyempandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Kwa taya ya chini upande wa mbele, penye mfupa mgumu, sioni sababu ya kulipa zaidi. Ubaya wake ni mmoja: unga wa mfupa wako mwenyewe huenda na maji.

Wapo madaktari wanaotoboa taratibu, mizunguko isiyozidi 150 kwa dakika, bila maji. Kwa mwendo huo joto halipandi sana, na unga hunasa kwenye mifereji ya keekee. Daktari huukusanya akajazia palipopungua. Unakaa kitini muda mrefu kidogo, lakini huenda ukaokoa pesa ya mfupa wa kununua, ambao kwenye bili huwa na mstari wake.

Kisha kuna keekee za kushindilia, alizozibuni Salah Huwais wa Marekani. Hizi huzungushwa kinyume, na badala ya kuchimba husukuma mfupa ukajibana pembeni mwa tundu. Taya ya juu upande wa nyuma mfupa ni laini kama sponji, na hapo skrubu hushika vizuri zaidi tangu siku ya kwanza. Nyongeza hiyo nailipa. Kwenye mfupa mgumu siilipi, kwa kuwa mfupa uliobanwa kupita kiasi hukosa damu, hufa, na mwili hulazimika kuuondoa kwanza kabla ya kujenga mwingine.

Tena kushika siku ya kwanza si kupona. Kati ya wiki ya pili na ya nne mfupa wa zamani unaliwa na mpya haujakomaa, kwa hiyo skrubu hupungukiwa uthabiti. Anayekutangazia jino la siku hiyohiyo mwulize wiki hizo atazivusha vipi.

Ghali kuliko zote ni piezo, mtambo unaokata kwa mtetemo, ulioendelezwa na Vercellotti wa Italia. Hukata mfupa na kuiacha nyama laini, kwa hiyo una faida karibu na mshipa wa fahamu au chini ya uwazi wa hewa wa taya ya juu. Ni wa polepole na ncha zake ni za bei. Mahali pasipo hatari hiyo, skrubu za keekee ya kawaida hudumu takriban sawa na za piezo.

Kibao cha kuongozea keekee, kinachotengenezwa kwa picha ya CT ya taya, huongeza bili na huongeza usahihi. Lakini chenyewe chaweza kuziba njia ya maji yasifike nchani, na watu wachache huambiwa hivyo.

Kwa hiyo mimi ningelipa kwanza picha nzuri, kisha keekee kali, kisha mkono usio na haraka. Jina la mtambo lingekuja mwisho. Keekee za chuma huchakaa kwa matumizi na kuchemshwa, na butu hupandisha joto hata maji yakimwagika. Kabla hujatoa malipo ya awali, mwulize daktari maswali mawili: mfupa wangu ni mgumu au laini, na keekee utakayonitobolea imeshatumika mara ngapi?